Nina fedha za kumtolea Mungu, lakini mwanangu anasema nianze na vibarua wangu

Bwana Yesu asifiwe, Mshauri.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT wilayani Mufindi, na riziki yangu inatokana na mbao. Nilianza na mashine moja ya kupasulia mbao, ile iitwayo dingdong, niliyokuwa nikiihamisha kutoka shamba moja la misindano hadi jingine, na leo nina kiwanda cha kupasua mbao hapa Mafinga, malori matatu na duka la vifaa vya ujenzi. Wafanyakazi wangu ni 46. Madereva, mafundi wa misumeno na watu wa ofisini, jumla yao 15, wana mikataba. Wengine 31 ni vibarua wa kubeba magogo, kulisha mashine na kupanga mbao, ingawa wapo miongoni mwao waliokaa nami miaka sita na zaidi. Kibarua namlipa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na saa moja ya kula katikati. Viwanda jirani hulipa hivyo hivyo, na wengine hulipa pungufu.

Mwaka huu biashara imekwenda vizuri, na baada ya kulipa kodi na kumaliza mkopo wa benki nimebakiwa na shilingi milioni 240 ambazo nimeazimia kumtolea Mungu. Sijaugua wala sijaota ndoto. Nimefika miaka 61, watoto wamesoma, na naona si haki mtu kufa akiwa na fedha ambazo zingeweza kuwafaa wengine.

Tatizo langu ni kwamba kila mtu ana mpango wake kuhusu fedha hizi. Kamati ya ujenzi inataka nimalizie kanisa jipya, na mchungaji ameniambia kwa upole kwamba jina langu litawekwa kwenye jiwe la msingi. Mke wangu anataka tujenge hosteli ya wasichana karibu na shule ya kata, kwa sababu wengi wanapanga vyumba mitaani na tunayaona yanayowapata. Mimi mwenyewe nimekuwa nikimheshimu sana marehemu Reginald Mengi kwa chakula cha mchana alichokuwa akila kila mwaka na watu wenye ulemavu, na nilifikiri kuanzisha jambo la namna hiyo hapa. Vilevile nataka kupambana na pombe, maana ulanzi na pombe kali ndivyo vinavyowafanya vijana wangu wabaki maskini. Tayari nimeweka ibada ya lazima kiwandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kazi kuanza, na anayekosa mara tatu namsimamisha.

Sasa mwanangu wa pili, aliyemaliza chuo Dar es Salaam na kurudi kunisaidia hesabu, ameniambia neno lililonikosesha usingizi. Mwaka jana kijana mmoja alikatwa vidole viwili na msumeno. Nililipa gharama zote za hospitali, nikampa shilingi 200,000, akarudi kwao kijijini. Mwanangu aliponisikia nikizungumza na mchungaji kuhusu jiwe la msingi alisema, "Baba, sadaka yako ina vidole vya watu ndani yake." Nilimfukuza ofisini siku ile. Hata hivyo nimeshindwa kulisahau.

Naomba unishauri nizitoe wapi fedha hizi ili zilete mabadiliko ya kweli katika jamii, na nifanyeje na watu wote hawa bila kugombana na kanisa wala na nyumba yangu. Ujue pia kwamba nikiwapandishia vibarua malipo peke yangu, mbao zangu zitakuwa ghali kuliko za jirani na nitakosa wateja.

Mzee wa Mbao, Mafinga

JIBU

Shikamoo, mzee wangu, na Bwana asifiwe.

Mwanao alikosa adabu katika namna ya kusema, lakini katika jambo lenyewe ana haki, na ningekuomba umrudishe ofisini kabla ya kuamua lolote juu ya fedha hizi, kwa sababu kazi ya kwanza inayokukabili ni ya hesabu. Unauliza milioni 240 zigawanywe vipi. Mimi nauliza kwanza ni kiasi gani katika milioni hizo ni mali yako ya kutoa, na ni kiasi gani ni deni ambalo halijaandikwa popote. Wewe ni mzee wa kanisa, unaifahamu Yakobo 5:4 kuliko mimi: ujira wa vibarua uliozuiliwa ndio unaopiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana wa majeshi. Zakayo naye, Yesu alipoingia nyumbani mwake, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na ahadi zote mbili alizitoa katika kauli moja. Wahubiri wetu hupenda kuikazia ile ya nusu kwa maskini na kuipita haraka ile ya kurudisha.

Tufanye hesabu yenyewe, maana nadhani inakutisha bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki, na kila saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Vibarua wako wanafanya saa tisa kwa siku sita, yaani saa 54, kwa hiyo siku ya sita yote ni saa za ziada na kila mmoja alistahili 15,000 siku hiyo badala ya 10,000. Nyongeza hiyo ya 5,000 kwa watu 31 kwa wiki 52 ni shilingi 8,060,000 kwa mwaka. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa mtu anayepata takriban 260,000 kwa mwezi, sehemu yako ni 26,000, na kwa watu wote 31 ni shilingi 9,672,000 kwa mwaka. Ukijumlisha, haifiki milioni 18. Nusu saa ya ibada ya lazima sijaihesabu, ingawa kama mtu anasimamishwa kazi kwa kuikosa, ni vigumu kusema kwamba nusu saa ile si ya mwajiri. Mwambie mwanao aangalie pia tangazo la kima cha chini cha mshahara linalotumika sasa kwa sekta yako, kwa sababu hubadilishwa mara kwa mara, kisha mwende pamoja kwa afisa kazi mkoani Iringa kuuliza jinsi ya kuwapa mikataba watu waliokutumikia miaka sita. Usingoje yeye aje kwako.

Kuhusu kijana wa vidole, gharama za hospitali ulizolipa zilikuwa wajibu wako, na zile 200,000 zilikuwa huruma. Kilichokosekana katikati ni fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya ajali kama hiyo hasa, na kila mwajiri anapaswa kujisajili na kuchangia. Kama umesajiliwa na wafanyakazi hao 31 hawamo katika orodha unayoipeleka, au kama hukusajiliwa kabisa, jambo hilo lirekebishwe wiki hii, taarifa ya ajali ipelekwe, na chochote ambacho Mfuko hautakilipa kwa sababu ya uzembe wa upande wako kilipwe na wewe. Kisha mtafute kijana mwenyewe uone kama ipo kazi anayoiweza kwa mkono alionao. Upimaji wa mbao au utunzaji wa stoo haudai vidole kumi.

Ninayasema haya nikiwa nayakumbuka maisha ya mfanyabiashara mmoja Mkristo ambaye ningependa umfahamu, kwa uzuri wake na kwa jambo lililomkwaza. George Cadbury wa Birmingham, Uingereza, alikuwa Mkweka, yaani mtu wa Kanisa la Marafiki, madhehebu ambayo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wameyajua tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Wakweka wa Uingereza hawakuwa na nafasi kamili katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1871, na jambo hilo liliwasukuma wengi wao kwenye biashara. George na kaka yake Richard waliipokea biashara ya baba yao ya kakao mwaka 1861 ikiwa karibu kufa, wakaiinua, na mwaka 1879 wakahamisha kiwanda kutoka katikati ya mji uliojaa moshi hadi mashambani, mahali walipopaita Bournville. Kuanzia mwaka 1895 George alijenga kijiji hapo, nyumba zenye bustani ambazo hazikuwekwa kwa wafanyakazi wake pekee, na mwaka 1900 akaitoa mali ile yote mikononi mwa wadhamini, zikiwa zimefika nyumba 313 kwenye ekari 330, kwa sharti kwamba mapato yake yarudi kuendeleza makazi na yasirudi kwa familia. Mwaka 1906 kampuni ilianzisha mfuko wa pensheni. Na kwa muda wa miaka mingi mzee huyo tajiri alikuwa akifundisha watu wazima wa mjini kusoma na kuandika kila Jumapili asubuhi.

Hakuwa malaika. Katika kiwanda chake mwanamke akiolewa aliachishwa kazi, na kijijini hapakuruhusiwa kilabu cha pombe hata kimoja, kwa amri ya mwenye ardhi na si kwa kura ya wakazi. Lakini kosa lililomgharimu jina halikutokea Bournville hata kidogo. Mwaka 1901 mpwa wake William Cadbury, aliyekuwa katika uongozi wa kampuni, alipata habari kwamba watu waliolima kakao katika kisiwa cha São Tomé, koloni la Ureno katika bahari ya Afrika Magharibi, walikuwa wakichukuliwa kutoka Angola kwa mikataba ya jina tu, wakivushwa baharini na wasirudishwe kwao tena. Wakati huo karibu nusu ya kakao ya kampuni ilitoka kule. Walihoji, wakaandika barua kwa serikali, wakamtuma mtu mwaka 1905 akachunguze, naye akathibitisha kwamba ule ulikuwa utumwa. Hata hivyo waliendelea kununua mpaka Machi 1909, wakiamini kwamba mnunuzi mkubwa akiondoka hatakuwa tena na sauti. Gazeti moja la London liliwaita wanafiki, wakalishtaki kwa kashfa, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakashinda kesi mahakamani Birmingham. Fidia waliyopewa ilikuwa robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Jopo lilikubali kwamba gazeti limevunja sheria, na kwa robo ile ya peni likasema kila mtu aelewe nini juu ya wale walioshinda.

Miaka minane ni mingi, mzee wangu. Sina sababu ya kudhani kwamba Wakweka wale walijifanya wema, na ndiyo maana habari hii hunisumbua zaidi kuliko ingekuwa ya mlaghai. Walijua hali ya kila nyumba ya Bournville, na gunia la kakao lilipofika mlangoni walijua bei yake na uzito wake.

Wewe hukuandika hata sentensi moja kuhusu magogo yanatoka wapi. Nadhani, kama wenzako wengi wa Mufindi na Njombe, sehemu fulani unainunua kwa madalali, na dalali huinunua kwa mkulima mwenye ekari mbili tatu za misindano. Unajua vizuri jinsi inavyokuwa. Januari shule zinafunguliwa, au mgonjwa yupo hospitali, na mkulima anauza shamba la miti ya miaka minane au tisa ikiwa bado michanga, kwa bei ya jumla inayokadiriwa kwa macho, bila kupima hata mti mmoja. Mbao zake ni laini na nyembamba, mkulima amepoteza miaka kumi ya ukuaji, na faida imebaki njiani. Kisha mtoto wa mkulima huyo huyo anakuja usharikani kuomba msaada wa sare, na mfadhili wake ni wewe.

Kabla ya hosteli na kabla ya jiwe la msingi, ningetenga sehemu ya fedha hizi kwa ajili ya kununua miti kwa njia nyingine. Vipo vikundi vya wakulima wa miti katika vijiji vya kwenu. Kubaliana na kimoja au viwili kwamba utanunua miti iliyokomaa tu, itakayopimwa kwa mita za ujazo mwenye shamba akiwa amesimama pale na daftari lake, na utaweka mfuko mdogo wa kuwakopesha wanachama mwezi Januari, bila riba, kwa dhamana ya miti yao, ili asiwepo anayelazimika kukata mti mchanga. Fedha za mfuko huo zitarudi, na magogo yako yatakuwa bora. Sioni aibu katika tendo jema lenye faida kwa anayelitenda, mradi asiliite sadaka.

Sasa nije kwenye pombe, ambapo najua tutatofautiana. Kule York kulikuwa na Mkweka mwingine mwenye kiwanda cha kakao, Joseph Rowntree, aliyeichukia pombe kama unavyoichukia wewe na aliyetumia miaka mingi kuipiga vita. Mwanawe Seebohm aliamua kuuchunguza umaskini wa mji wao nyumba kwa nyumba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1901 yalionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi wa York walikuwa maskini. Kati ya wale ambao mapato yao hayakutosha hata chakula na mavazi ya lazima, zaidi ya nusu walikuwa katika nyumba ambazo mkuu wa familia alikuwa na kazi ya kudumu, isipokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo mno. Ulevi ulikuwepo, na Seebohm hakuuficha. Lakini hata kama walevi wote wa aina hiyo wangeacha pombe usiku mmoja, familia zile zingeamka asubuhi zikiwa bado maskini. Ninakuomba, kabla ya kusema kwamba ulanzi ndio unaowafanya vijana wako wabaki maskini, ukae na mwanao mpige hesabu ya 260,000 kwa mwezi katika nyumba yenye watoto wanne, kodi ya chumba, unga na sabuni, mwone kinachobaki kwa ajili ya ulanzi.

Na ile ibada ya lazima, iondoe ulazima. Bila shaka miongoni mwa watu wako 46 wapo Waislamu, Wakatoliki na wasio na dini, nao wanaimba pambio zako kwa kuogopa kufukuzwa. Acha ibada iwepo kwa anayeitaka, nawe uhudhurie. Ukiona mahudhurio yamepungua kuwa watu saba, basi hao saba ndio waliokuwa wakiomba tangu mwanzo. Kama unataka kupambana na pombe kwa nguvu ya mwajiri, lipa mshahara kupitia benki au simu badala ya fedha taslimu Jumamosi jioni, anzisha akiba ya hiari ambayo wewe unaiongezea kidogo, na mlevi yeyote anayetaka kuacha msaidie apate matibabu bila kupoteza kazi.

Rowntree mzee ana jambo moja zaidi la kukufaa. Mwaka 1904, alipokabidhi sehemu kubwa ya mali yake kwa mifuko mitatu ya wadhamini, aliwaandikia maelezo akilalamika kwamba jiko la kugawa supu kwa maskini wa York halikosi wafadhili kamwe, ilhali uchunguzi wa sababu za umaskini wenyewe haupati mtu wa kuugharimia. Sisemi haya kumpunguzia heshima marehemu Mengi. Mtu tajiri kuketi meza moja na watu ambao mji huwapita barabarani lilikuwa tendo lenye uzito wake, na hakuishia kwenye chakula, kwa kuwa alitumia jina lake kuwasemea. Ukitaka kumfuata, mfuate hapo pa kusema.

Hapo ndipo ninapoijibu hofu yako ya bei, ambayo si hofu ya kijinga. Ni kweli kwamba mwajiri mmoja anayelipa vizuri anaweza kuondolewa sokoni na jirani anayelipa vibaya. Cadbury alilifahamu hilo. Mwaka 1901 aliingiza fedha zake katika gazeti la Daily News la London, na mwaka 1906 gazeti hilo liligharimia maonyesho ya ajabu: watu waliofanya kazi za ujira majumbani mwao, washonaji na watengeneza maboksi, waliketi mbele ya wageni wa tabaka la juu wakifanya kazi zao, na ujira wao umeandikwa wazi kila mmoja ausome. Miaka mitatu baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuweka kima cha chini cha mshahara katika kazi nne za aina hiyo, na mwaka 1908 lilikuwa limekwisha kupitisha pensheni ya wazee, jambo jingine ambalo Cadbury aliligharimia kampeni yake. Sheria ilipoweka sakafu kwa wote, mwajiri mwema hakuadhibiwa tena kwa wema wake.

Wewe huna gazeti, lakini una sauti miongoni mwa wenye viwanda vya Mafinga, na wengi wao mnakutana kanisani. Waite watu kumi mnaoheshimiana. Mkubaliane mambo mawili tu kwa kuanzia: kila msumeno uwe na kinga yake na kila mlisha mashine awe na glavu na buti, na kila mfanyakazi awe amesajiliwa NSSF na WCF. Wakikubali kumi, wa kumi na moja ataona haya. Kisha nendeni pamoja kwa mkuu wa wilaya na kwa maofisa wa usalama mahali pa kazi, OSHA, mkaombe viwanda vyote vikaguliwe, vya kwenu vikiwa vya kwanza. Mfanyabiashara anayeomba akaguliwe ni kiumbe adimu, na nadhani watakusikiliza.

Nimeiacha hosteli kwa makusudi mpaka hapa, kwa sababu katika mipango yote uliyoitaja ni huo wa mama ninaouunga mkono bila wasiwasi. Ada katika sekondari za serikali imeondolewa tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 kwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo mfadhili wa leo anayesema "nitalipa ada" mara nyingi anazungumzia tatizo la juzi. Kinachowaangusha wasichana ni umbali, chumba cha kupanga kisicho na mtu mzima, na njaa ya mchana. Mama ameliona jambo lenyewe. Msijenge kabla ya kuketi na mkuu wa shule, bodi ya shule na halmashauri mjue ni nani atakayemlipa matroni na kununua kuni na maharage katika mwaka wa tatu, kwa maana majengo ya wafadhili yaliyogeuka stoo za saruji yapo katika kila wilaya niijuayo. Waulizeni pia wasichana wenyewe, mama akiwa peke yake nao, wewe ukiwa nje.

Fedha za hosteli na za mfuko wa wakulima zisikae katika akaunti yako wala ya kampuni. Undeni bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kwa mujibu wa Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, na katika wadhamini hao watu wa nyumba yako wasiwe wengi kuliko wengine. Awepo mwalimu, awepo mkulima wa miti, awepo mtu mmoja aliyewahi kuwa kibarua, na mmoja wao asiwe wa usharika wako. Mwanao anafaa kuwa katibu, kwa vile ameonyesha kwamba haogopi kukuambia jambo usilolipenda. Nawe usiwe mwenyekiti. Ukifa au biashara ikianguka, wadai watachukua malori; hosteli hawataigusa.

Limebaki kanisa. Mwone mchungaji mwenyewe, nyumbani kwake, kabla kikao cha kamati ya ujenzi hakijafanyika, umweleze kwamba unaanza na malipo ya watu wako na kwamba jina lako lisiandikwe kwenye jiwe. Kama ninavyowafahamu wachungaji, ataumia siku mbili tatu kwa sababu ya bajeti yake, halafu ataanza kukutumia kama mfano katika mahubiri; mkataze na hilo pia. Changia ujenzi kama muumini mwingine mwenye uwezo wako, kwa bahasha, katika harambee ya kawaida. Na ukiamua kutoa mbao za paa, zitoe zile za misindano iliyokomaa, zilizokaushwa na kutiwa dawa, zikaguliwe na fundi wa kamati na si fundi wako, na ziandikiwe risiti kwa bei ya soko ili washarika wajue walichopokea.